Mikarafuu Kumi ya Kungojea

Mtu kafariki, kaacha shamba la mikarafuu 60 na watoto wawili. Mmoja mwanamme. Wa pili hajulikani: maumbile yake yana alama za kiume na za kike, na hakuna iliyoishinda nyenziwe. Gaweni.

Hesabu hii marehemu baba alikuwa akiwapa wanafunzi wake wa mirathi barazani kwetu Wete, baada ya Isha, na mimi nikiisikia kutoka ndani. Kwanza vijana walicheka, maana ukiwatajia utupu vijana wa umri ule hawana njia nyengine. Akawaacha wamalize. Kisha wakaanza kuhesabu. Huyo wa pili akiwa mwanamme, kila mmoja ana mikarafuu 30. Akiwa mwanamke, kaka ana 40 na yeye 20. Basi kila mmoja apewe kile ambacho kwa vyovyote vile ni chake: kaka 30, huntha (ndivyo vitabu vya dini vinavyomwita mtu wa maumbile haya) 20. Inabaki 10, nayo kwa sasa haina mwenyewe. Karafuu zake zichumwe, zianikwe, ziuzwe, na pesa akae nazo mtu muaminifu mpaka hali ya huyo mtoto ibainike, au ndugu wasuluhishane.

"Na isipobainika kwa miaka 20, maalim?"

"Mikarafuu inaishi zaidi ya hapo."

Ndivyo walivyo Mashafi, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi. Wamaliki, madhehebu nyengine, wanakata katikati, huntha 25 na kaka 35, wakamaliza. Mimi sikuchukua elimu ya baba, nilikwenda kusomea ukunga, na katika kazi hii nimekutana na hao watoto wa kwenye hesabu wakiwa na mikono na miguu, wanalia, na bibi zao wako nje ya mlango wanasubiri kuambiwa ni mtoto gani. Naandika haya kwa sababu kila nikifungua simu nakuta watu wanarushiana maneno juu ya jinsi (ya mwili) na jinsia (mtu anavyojiona) kana kwamba jambo lenyewe limeletwa na meli mwaka juzi. Mmoja anasema Mungu kaumba dume na jike, basi, hakuna la ziada. Hao wanazuoni walioandika mlango wa huntha waliisoma aya hiyo hiyo, tena wakiwa wameihifadhi, na hawakuona kwamba inawazuia kumpangia huntha safu yake msikitini (wanaume, kisha watoto, kisha mahuntha, kisha wanawake) na fungu lake la urithi.

Sisemi kwamba vitabu hivyo vilimpa raha. Kila penye shaka wamemwekea lililo zito: ajistiri kama mwanamke, asiwaswalishe wanaume, asioe wala asiolewe mpaka ajulikane. Mtu anaweza kumaliza umri wake wote katika tahadhari za wenzake. Lakini wamemkubali kuwa yupo, na wamekubali kwamba kuna jambo ambalo leo halijulikani na kesho pengine litajulikana. Hilo la pili ndilo ninalolikosa zaidi kwenye wodi ya wazazi.

Mtoto akizaliwa kwetu, suali la kwanza si kama analia vizuri. Ni "mwanamme au mwanamke?" Na si udadisi tu. Kuna jina la siku ya saba. Kuna akika: mbuzi wawili kwa mwanamme, mmoja kwa mwanamke, na mbuzi sasa bei yake mnaijua. Kuna shangazi anataka kujua anunue nguo za rangi gani. Familia nzima imeshika pumzi.

Nimempokea mtoto mmoja, nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulikane, aliyekuwa na kidude kidogo kilichosimama kama cha kiume, tundu la mkojo likiwa chini yake badala ya nchani, na mfuko wa korodani ulio mtupu. Unaupapasa, ngozi ina makunyanzi kama inavyotakiwa, ndani hamna kitu. Upande huu hamna, na upande wa pili hamna. Bibi mzaa baba akatazama, akasema: "Dume hilo, korodani zitashuka." Mama yake mzazi akatazama, akanyamaza. Mimi nikawaambia mtoto ni mzima, ananyonya, lakini sitaandika kitu mpaka apimwe.

Siku ya saba ilipofika majibu hayajarudi. Baba wa mtoto akaja kwa baba yangu, wakati huo bado yu hai, kuulizia mbuzi. Mzee akamwambia mchinjeni mmoja, wa pili hana mbio. Jina wakampa Nuru, ambalo linakaa kotekote. Kwa upande wa dini mambo yakatulia kwa dakika kumi za mazungumzo na kikombe cha kahawa.

Kwa upande wa hospitali siku zilikuwa zinakwisha. Mtoto mwenye umbo lile, korodani hazipapasiki, anaweza kuwa ni mwanamke kamili kwa ndani, ana kizazi na ana ovari, ila tezi zake zilizo juu ya figo zina kasoro. Kuna kimeng'enya kimoja kinachozisaidia kutengeneza homoni mbili: kotisoli, ambayo mwili unaitegemea ukipata misukosuko, na aldosteroni, inayozuia chumvi isitoke yote kwenye mkojo. Kimeng'enya kikikosekana, malighafi inayorundikana inageuka kuwa homoni za kiume. Hizo ndizo zinazombadilisha mtoto wa kike umbo la nje tangu tumboni. Umbo hilo halimuui. Kinachomuua ni chumvi. Kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tatu anaanza kukataa ziwa, anatapika, analegea, macho yanaingia ndani, na watu wanasema tumbo, wanasema jicho baya, wanamfunga hirizi. Sodiamu inashuka, potasiamu inapanda, moyo unasimama.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ndugu yake wa kiume mwenye kasoro hiyo hiyo anazaliwa na umbo la kawaida. Hakuna anayeshtuka. Anapelekwa nyumbani kwa vigelegele, mbuzi wawili wanachinjwa, na wiki ya pili anafariki kwa "kuharisha". Ukikaa na mama ukamuuliza historia yake vizuri, wakati mwengine unakuta alishazika mtoto wa kiume kabla ya huyu. Kasoro hii inarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa ameibeba bila ya kuumwa, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Kwetu sisi tunaooana watoto wa ami na watoto wa mjomba, wazazi wawili wenye kasoro moja hukutana kwa urahisi zaidi. Kwa watu wengi duniani inakadiriwa kumpata mtoto 1 katika kila 15,000 hivi.

Nuru alipimwa, altrasaundi ikaonesha kizazi, damu ikaonesha chumvi inashuka, akawekewa dripu na akaanzishiwa haidrokotisoni kabla hajalegea. Ni mwanamke. Yuko skuli, anakwenda mbio kuliko kaka zake, na anameza vidonge kila siku, na atavimeza maisha yake yote. Mbuzi wa pili hakuhitajika.

Kwa hiyo ninapogombana na wenzangu juu ya haraka, sigombani na haraka yenyewe. Mtoto kama huyu anahitaji watu wakimbie, ila wakimbilie damu na chumvi. Jina, nguo na fomu vinaweza kukaa. Ninachokiona mara nyingi ni kinyume chake: siku tatu zinapita watu wanabishana ni nani, na hakuna aliyemtoa damu.

Wanaopenda kusema jambo hili ni jepesi, nawaomba waingie nami kidogo tumboni. Mpaka karibu na wiki ya sita ya mimba huwezi kumtofautisha wa kiume na wa kike kwa kutazama. Tezi za uzazi ni zile zile, na kila mtoto ana mirija ya aina mbili pamoja, ya Wolff inayoweza kuwa njia ya manii, na ya Müller inayoweza kuwa kizazi. Mwaka 1947 Mfaransa Alfred Jost alitangaza majaribio aliyofanya kwa sungura: aliwaondoa tezi za uzazi wakiwa bado matumboni mwa mama zao, na wote, wawe na kromosomu za kiume au za kike, wakaota umbo la kike. Mwaka 1990 watafiti London wakaipata jeni ya SRY, kwenye kromosomu Y, ambayo ndiyo inayoziamrisha tezi zile kuwa korodani. (Jeni, jamani, si jini, ingawa nusu ya wazazi ninaowahudumia wameshapitia kwa mganga wa majini kabla ya kunifikia mimi.) Baadaye ikajulikana kwamba hata ovari haziji bure, zina jeni zake zinazozijenga na kuzilinda.

Basi kuna kromosomu, kuna jeni, kuna tezi, kuna homoni, kuna viungo vinavyozipokea homoni hizo, kuna umbo la nje, kuna balehe. Ni kama shehena inayopita mikono mingi kutoka shamba mpaka bandarini: mara nyingi sana inafika kama ilivyoandikwa, lakini mkono mmoja ukiikosa, hati inasema hivi na gunia lina vile. Inakadiriwa kwamba mtoto 1 katika kila 4,500 hadi 5,500 anazaliwa na umbo linalolazimisha kuitwa daktari bingwa. Ukijumlisha na tofauti nyengine zisizoonekana kwa nje, idadi inapanda sana, na wataalamu wanabishana ipande mpaka wapi, kwa sababu wanabishana nani ahesabiwe. Ubishi huo sina haja nao. Wagonjwa wangu hawaji kwa asilimia.

Kuna bibi harusi mmoja, si wa zamani sana. Mrefu, ngozi laini, nywele za kichwa zinamfika kiunoni, kila mtu anamsifu. Hakuwahi kuvunja ungo, lakini mama yake alikuwa akisema kwao wanachelewa. Siku ya kusingwa, somo, yaani kungwi wake, alipomuandaa ndiye aliyeona: kwapani hamna nywele, kinenani hamna nywele, si kwamba amenyoa, hazijaota kabisa. Somo ni mtu mzima, kaandaa mabibi harusi wa kijiji kizima. Hakumwambia mtu siku ile. Alikuja kwangu miezi baadaye, ndoa imeshaanza kutafunwa na maneno, wakwe wanataka mjukuu, mume ameambiwa mkewe kapendwa na jini mahaba.

"Mwanangu," aliniambia, "yule mtoto hana kosa. Mwili wake ndio umesimama mahala."

Vipimo vilifanyika mbali na hapa. Kromosomu zake ni XY, zile za kiume. Ana korodani, ziko ndani, na zinatoa homoni za kiume kwa wingi, lakini mwili wake hauzisikii, vipokezi vya homoni hizo havifanyi kazi. Kwa hiyo umbo la nje likawa la kike tangu mwanzo hadi mwisho, matiti yakaota, kizazi hakuna. Hajawahi hata dakika moja kujiona kitu chengine isipokuwa mwanamke, na aliyempa majibu akamwambia, kwa ukavu kabisa, "wewe kwa kweli ni mwanamme". Sijui daktari yule alikuwa anapima ukweli kwa kitu gani. Yeye alirudi nyumbani akajifungia.

Mhispania María José Martínez-Patiño, mkimbiaji wa kuruka viunzi, alipitia jambo la namna hiyo mbele ya dunia nzima. Mwaka 1985 alipimwa mashindanoni Kobe, Japani, kipimo kikamkataa kuwa mwanamke. Alifukuzwa kwenye timu, rekodi zake zikafutwa, mchumba akamuacha. Alipigana mpaka 1988 akarudishiwa ruhusa ya kukimbia, kwa sababu mwili usiosikia homoni za kiume haupati faida yake. Mwaka 2025 shirikisho la riadha la dunia limerudisha kipimo cha jeni, safari hii ni SRY, kuanzia tarehe 1 Septemba. Andrew Sinclair, mmoja wa wale walioigundua jeni hiyo mwaka 1990, alijitokeza kuandika kwamba haifai kutumika hivyo, maana inaonesha kuwa jeni ipo, haioneshi kama inafanya kazi wala kama mwili unaitikia. Michezo ina maswali yake magumu ya haki na sitayamaliza mimi. Nasema tu kwamba kipimo kile kingemwita yule bibi harusi wetu mwanamme, na hakuna mtu yeyote aliyemuona akiandaliwa angekubali.

Sasa lile la ndani, nafsi.

Mwaka 1965 walizaliwa mapacha wa kiume mjini Winnipeg, Kanada. Walipotahiriwa wakiwa wachanga, chombo cha umeme kilimuunguza mmoja uume wote. Wazazi wakampeleka kwa mtaalamu maarufu wa Marekani, John Money, aliyeamini kwamba mtoto mdogo ukimlea kama msichana atakuwa msichana. Akafanyiwa operesheni, akapewa jina la kike, akavishwa magauni, akapewa homoni. Hakukubali. Alirarua magauni, alikojoa kwa kusimama, skuli ilikuwa mateso. Alipoambiwa ukweli, akiwa na miaka 14, aliacha yote akaishi kama mwanamme kwa jina la David Reimer. Alijiua mwaka 2004. Miaka yote ile, kwenye mihadhara, mtoto huyu alitajwa kama mfano wa mafanikio.

Tena kule Jamhuri ya Dominika, kijiji cha Las Salinas, Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliwachunguza watu waliozaliwa na umbo la kike, wakalelewa wasichana, kisha balehe ikawaletea sauti nzito na uume. Katika 18 waliolelewa wazi kama wasichana, 17 walijitambua kuwa wanaume. Na mwaka 2004 ukatoka utafiti wa watoto wenye kromosomu za kiume waliozaliwa na kasoro kubwa ya viungo vya chini: 14 waliamuliwa walelewe wasichana, na 8 kati yao wakaja kusema, wenyewe, kwamba wao ni wavulana. Hao wengine sita siwasahau. Utafiti ule hauniambii kwamba kromosomu ndiyo kila kitu, maana bibi harusi wetu ni XY na ni mwanamke. Unaniambia kwamba mtu ana habari juu ya nafsi yake ambayo mimi mwenye glovu siioni, na malezi hayaifuti kirahisi.

Baba alikuwa na jambo kama hilo katika darsa zake. Alama za nje zote zikishindwa, njia ya mkojo, hedhi, manii, Mashafi wanamrejea huntha mwenyewe akishabaleghe. Anatakiwa aseme anachokikuta ndani ya nafsi yake, si anachokipendelea kwa sababu kina fungu kubwa, na akishasema hana ruhusa ya kurudi nyuma. Waliupima mwelekeo huo kwa kuangalia anavutiwa na nani, na leo tunajua kwamba kuvutiwa na kujitambua ni mambo mawili. Lakini mlango wa kumuuliza mwenyewe waliuweka.

Je, yule ambaye mwili wake hauna utata wowote, na nafsi inasema vyengine? Hapa najua wasomaji wengine wanafunga simu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliwatofautisha wanaume wenye tabia za kike: aliyeumbwa hivyo hana lawama wala dhambi kwa maumbile yake, anayejifanya ndiye mwenye lawama. Mtaani petu alikuwepo mzee mmoja, fundi wa biriani la harusi, akikaa jikoni na wanawake, sauti yake na mwendo wake ni wa kwao, akijua ukoo wa kila mtu. Watoto walimuigiza, wakubwa walimcheka, na hakuna harusi iliyofanyika bila yeye. Alifariki akazikwa na umma mkubwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza anajionaje, na sidhani kama angejibu.

Misri mwaka 1988 mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar alifanyiwa operesheni ya kuwa mwanamke, na kesi ikafika kwa Mufti wa wakati ule, Sayyid Tantawi. Fatwa yake ilikubali operesheni inayodhihirisha jinsi iliyofichika mwilini na ikakataa ya kufuata matamanio tu, na kila upande ukaisoma ilivyotaka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019, liliitoa hali hii ya nafsi kutokubaliana na mwili kwenye sura ya magonjwa ya akili. Sheria za hapa zina lake la kusema juu ya vitendo, na si hilo ninaloliandikia. Mimi ninachokijua ni kwamba wanaokuja kwangu kwa siri hawaji kwa sababu ya mitandao. Kuna aliyekuja hajui hata kuna neno la hali yake.

Narudi kwa watoto, ndiyo kazi yangu. Kisu ndicho kinachonitia hofu zaidi. Operesheni ya kumfungulia mtoto njia ya mkojo iliyoziba ni lazima. Operesheni ya kumkata kidude mtoto wa miezi sita ili wageni wakimvua nepi wasishangae si lazima, inaweza kuua hisia, na hairudishwi. Wazazi wanaitaka kwa mapenzi, nawaelewa, na bado nawaambia ngojeni. Kenya, ambako sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 wenye maumbile ya utata, sheria ya watoto ya 2022 imewatambua watoto hawa na imeweka kizuizi kwa operesheni hizo pasipo ushauri wa daktari. Kabla yake kulikuwa na kesi ya mtoto aliyeandikiwa alama ya kuuliza na hospitali moja ya Nairobi mahali pa jinsi, na mama akaenda Mahakama Kuu, ikaamua mwaka 2014.

Visanduku viwili tu vya mwanamme na mwanamke kwenye fomu ya usajili havimtoshi mtoto kama Nuru wa siku ya tatu. Wenzangu kadhaa wanataka kisanduku cha tatu. Mimi sikitaki, si kwa mtoto mchanga: tukimwandikia jinsi ya tatu tumeshamtangaza kuanzia skuli mpaka sokoni kabla hajajua kusema. Ujerumani walianza mwaka 2013 kwa kuruhusu nafasi iachwe wazi, wakaongeza ya tatu mwaka 2018. Hapo pa mwanzo pananitosha. Mtoto asajiliwe, apate cheti na chanjo, nafasi ya jinsi ikae wazi mpaka vipimo virudi, na akikua akasema tulikosea, irekebishwe bila kumpeleka mahakamani. Wakunga wenzangu wananiambia afisa usajili hatakubali. Bado hatujamuuliza.